Mlango wa Nondo wa Babu Cheche

Mzazi wako yuko wapi saa hizi, na ufunguo wa mlango wake anao nani?

Usikimbilie kujibu. Mimi mwenyewe ungeniuliza siku moja kabla ya haya ninayosimulia, ningekujibu kifua mbele kwamba babu yangu yuko salama nyumbani kwake, analelewa na binti yake, anakula, analala, hana shida. Ndivyo tulivyokuwa tukiambiana kwenye simu, ukoo mzima. "Mzee hajambo?" "Hajambo, yuko salama." Kisha tunahamia kwenye habari nyingine.

Jumapili nilifika kwake na begi moja. Nimemaliza chuo, cheti bado hakijatoka, kichwa kimejaa hotuba. Ilikuwa saa nane mchana. Mlango wa mbao ulikuwa wazi, lakini mbele yake mlango wa nondo ulikuwa umefungwa. Mnyororo ulizungushwa mara mbili kwenye fremu, na kwenye mnyororo kulikuwa na kufuli kubwa kama ngumi. Nyuma ya nondo, kwenye kiti cha plastiki, alikaa babu yangu. Joto lilikuwa la kukausha mate mdomoni, naye amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vyote hadi shingoni.

"Nani huyo?" akauliza, uso ameuelekeza kidogo kushoto kwangu.

"Mimi, babu. Mjukuu wako. Shikamoo."

"Marahaba, msomi! Karibu. Ila umechelewa, saa za kuwaona wafungwa zimekwisha."

Akacheka hadi akakohoa. Mimi nilisimama pale na begi langu mkononi, natazama chini ya kiti chake: chupa ya chai, sahani iliyofunikwa, na kopo la kujisaidia.

"Nani amekufungia?"

"Shangazi yako. Yuko zamu leo. Vuta tofali ukae, tuzungumze kama watu walioonana."

Nikavuta tofali. Kwa saa nne nzima, babu ndani, mimi nje, tukazungumza kupitia kwenye nondo alizozichomelea mwenyewe.

Maana babu yangu ndiye Cheche. Jina lake la kuzaliwa liko kwenye kitambulisho tu. Alianza kuchomelea akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya gereji ya malori, akiwa amevaa miwani ya jua kwa sababu kinga ya macho ilikuwa moja na bosi ndiye aliyeivaa. Akachomelea miaka arobaini na moja. Ukitembea mtaa wao kuanzia shule ya msingi hadi kituo cha mafuta, kila dirisha lenye nondo zilizopinda kwa juu kama pembe za ng'ombe ni mkono wake. Alipima kwa shubiri, akagonga chuma kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Kikilia vibaya, anakata, anaanza upya, hata mwenye nyumba alalamike vipi. Wezi walimheshimu. Wanasema mmoja alikamatwa usiku karibu na nyumba fulani akawaambia polisi, "Pale ningeingiaje, si pa Cheche pale? Nilikuwa napita tu."

Macho yaliyotazama moto miaka yote hiyo yakachoka kabla ya mwenyewe. Sasa anaona mwanga na vivuli. Miezi minane kabla sijafika, alikuwa anavuka barabara kwenda karakana kusalimia, kama kawaida yake, na lori likafunga breki kwa kelele iliyotoa watu madukani. Kioo cha pembeni kiliondoka na kofia yake. Kichwa kilibaki. Kesho yake shangazi akanunua mnyororo.

Shangazi alirudi saa kumi na mbili jioni, amevaa sare ya kiwandani na kilemba chake cha bluu, ufunguo umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Sikumwacha hata avue viatu.

"Shangazi, hii ni jela!"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, endelea. Jela."

Nikaendelea. Nilisema yote niliyoyajua kuhusu utu, uhuru na heshima ya mzee. Nilisema hata mbuzi hufungwa kwa kamba ndefu. Nilisema tumeifanya nyumba iwe salama kwa mwizi asiyekuja, na hatari kwa mtu anayeishi ndani. Nadhani nilisema vizuri, kwa sababu babu kwenye kiti chake alipiga makofi mawili, akanyamaza alipomsikia binti yake akiguna.

"Umemaliza?" shangazi aliuliza. "Sasa nisikilize mimi niliyeishia darasa la nane. Nilimuuguza mama mpaka akafia mikononi mwangu. Sasa baba. Mwaka wa sita huu. Wewe umekuja leo na begi la nguo chafu. Kiwandani nafunga maboksi mia nne kwa zamu, simu inakaa kabatini, haturuhusiwi nayo. Kabla ya kufuli, kila nikisikia king'ora cha gari la wagonjwa barabarani, mikono inafunga boksi na akili iko huku. Nilifunga maboksi matupu, mwanangu. Kumi na moja, kwa siku moja. Nikaitwa ofisini kama mwizi. Tangu niweke kufuli, sijafunga boksi tupu hata moja."

Maboksi matupu nikayaruka. Nikauliza lingine.

"Na akianguka humu ndani?"

"Hajaanguka. Na siku akianguka, hata mara moja tu, anakwenda kwa baba yako mkubwa. Tumeshakubaliana. Kule kuna watu wanaoshinda nyumbani."

Baba mkubwa, kaka yake shangazi, anaishi ghorofa ya nne, safari ya nusu siku kutoka pale. Nilimtazama babu. Tabasamu lilikuwa limemtoka usoni kama taa iliyokatika.

"Ghorofa ya nne," alisema taratibu. "Huko hata mvua ikinyesha itabidi niulize."

Niliomba nipewe ufunguo wa pili. Shangazi alikataa. "Wewe kitambulisho umekipoteza mara mbili. Ufunguo mmoja, shingo moja. Ukiwepo nyumbani, mlango utakuwa wazi. Usipokuwepo, nafunga."

Jumatatu asubuhi shangazi alienda kazini akatuachia mlango wazi. Nikampashia babu maji ya kuoga. Alitaka kuingia bafuni peke yake. Nilipompelekea taulo alilolisahau, nikasukuma mlango bila kubisha, na nikasimama mlangoni na taulo mkononi.

Mgongo wake, mbavu zake, nyonga yake. Kulikuwa na alama za zambarau iliyoiva, nyingine za manjano zinazopona, na moja kwenye kiwiko ilikuwa na gamba jeusi refu kama kidole. Mara moja nikaelewa lile shati la mikono mirefu.

"Babu, nani amekupiga?"

"Funga mlango, baridi inaingia."

"Nani amekupiga?"

"Nyumba," alisema. Akaanza kunionyesha kwa kugusa, mahali kwa mahali, kama fundi anayeonyesha kazi zake. "Hii ya mbavuni ni kizingiti cha hapa bafuni. Hii ya kiwiko ni zulia la ushorobani. Hii ya nyonga, mwezi uliopita, ni sabuni. Nililala hapo chini mpaka redio ya jirani ikasoma habari mara mbili."

"Shangazi anajua?"

"Wewe unataka nikakae ghorofani?"

Nikatoka, nikaitazama nyumba kama mtu aliyeingia mara ya kwanza. Likizo zangu zote za utotoni nilizimalizia humo! Kizingiti cha bafuni kina urefu wa kiganja, na upande wa pili sakafu iko chini zaidi, kwa hiyo ukiruka unatua mahali usipopategemea. Vigae vyake vinang'aa hata vikiwa vikavu. Waya wa kuongezea umeme umelala katikati ya ushoroba, umepita chini ya zulia ambalo kona yake imejikunja kama ulimi. Balbu ya ushoroba imeungua tangu bibi alipokuwa hai. Mtungi wa gesi uko njiani. Kitanda kimeinuliwa juu ya matofali mawili kila mguu ili masanduku yaingie chini, na babu akikaa juu yake miguu yake haigusi sakafu. Tulikuwa tumeweka nondo kila dirisha. Kwenye nyumba nzima ya fundi chuma hapakuwa na kipande kimoja cha chuma cha kushika.

Nilikimbia hadi karakana. Sasa inaendeshwa na mwanafunzi wake wa zamani, mtu mzima wa miaka hamsini wanayemwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Nilimweleza nataka vyuma vya kushikia bafuni, leo.

"Leo! We msomi, unadhani tunachoma mahindi hapa?" Kimya alisema bila kuacha kusugua bomba. "Ukuta ule naujua, tofali zake zina matundu ndani. Ukitaka chuma kibebe mtu, unatoboa ukuta mpaka upande wa pili, unaweka sahani ya chuma huku na sahani kule, bolti katikati. Kazi ya siku nzima. Jumamosi nakuja, wala simlipishi yule mzee, yeye ndiye aliyenifundisha kushika moto. Jumamosi."

"Mtu anaweza kufa kabla ya Jumamosi!"

"Anaweza. Na chuma kibaya kinaweza kumuua Ijumaa."

Nilimwona mvivu. Naomba uniamini nikikwambia kwamba nilimhurumia, nikajisemea hawa ndio watu wanaoirudisha nchi nyuma. Nikaingia duka la vifaa, nikachagua chuma kinachong'aa, kirefu, kizuri, chenye skrubu zake ndani ya pakiti. Nikaazima drili kwa jirani. Kufikia saa kumi kilikuwa ukutani, kimenyooka kama mstari wa daftari. Nikamwita babu akishike.

Alikipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Akakigonga kwa ukucha.

"Hiki ni cha kutundikia taulo."

"Chuma ni chuma, babu."

"Kimeshikwa na nini?"

"Skrubu nne."

"Ndefu kiasi gani?"

Nikaitazama pakiti tupu. Babu akacheka kidogo, akanipiga begani. "Haya. Mjukuu amenijengea. Nani mwingine amenijengea kitu?"

Alielewa. Nakuambia leo kwamba alielewa kila kitu, na bado akakishika, kwa sababu nilikiweka mimi.

Jumanne niliondoka alfajiri kwenda chuoni kufuatilia cheti, kabla shangazi hajaamka. Kwa hiyo alipotoka yeye, alifunga. Cheti hakikuwa tayari. Saa tano nilikuwa nimerudi, na kabla sijafika kwenye ngazi za mlangoni niliona kwamba saruji ya nje imelowa. Maji yalikuwa yanatoka ndani, membamba, yenye povu la sabuni, yanapita chini ya mlango wa nondo na kudondokea kwenye kokoto.

"Babu!"

Ushoroba wa nyumba ile umenyooka kutoka mlangoni hadi bafuni. Niliweka uso kati ya nondo, na mwishoni, kwenye giza la balbu iliyoungua, nikaona unyayo mmoja. Umenielekea mimi. Haukuwa unatikisika.

"Babu!"

"Usipige kelele," sauti ikatoka chini. "Majirani watasikia."

"Umeanguka?"

"Nimelala tu. Na chuma chako nacho kimelala."

Nilikamata nondo kwa mikono miwili nikatikisa kwa nguvu zangu zote. Mlango wa Cheche haukutoa hata sauti.

"Navunja, babu!"

"Unavunja nini? Hiyo niliitengeneza mimi." Kulikuwa na majivuno kwenye sauti ile, wallahi, mtu amelala kwenye maji na bado anatetea kazi yake. Kisha ikashuka. "Msomi. Shangazi yako asijue. Nitoe, nikaushe, asijue."

Nilimpigia shangazi simu mara sita. Iliita, ikaita, kabatini kwake. Nikakimbia karakana. Kimya aliniona uso, akatupa alichokuwa ameshika, akabeba grenda ya kukatia chuma begani na mfuko wa spana, akakimbia nyuma yangu akiongea njia nzima: "Nilikwambia Jumamosi, si nilikwambia Jumamosi, mwanadamu hasikii!" Tulipofika akaanza kutafuta mahali pa kuchomeka waya wa grenda. Nje ya nyumba hapakuwa na soketi hata moja.

"Mzee!" alipaza sauti. "Naomba umeme kwa jirani, nakata!"

"Ukikata nondo yangu nakulaani," babu akajibu kutoka bafuni. "Utamaliza saa nzima. Una spana namba kumi na saba?"

"Ninayo."

"Mpe msomi. Mkono wake haujawahi kubeba zaidi ya kalamu, utapita."

Kimya alinitazama. Nikachukua spana, nikapenyeza mkono kati ya nondo mbili hadi begani.

"Bawaba ya juu," babu alisema. Alikuwa anavuta pumzi kati ya maneno. "Nyuma yake, kwa ndani. Kuna kinundu."

"Kipo. Kimepakwa rangi."

"Hiyo ni bolti. Ilegeze. Ikitoka, ya chini nayo iko hivyo hivyo."

Rangi ilikuwa imeshapasuka ukingoni, na bolti ikazunguka kama iliyotiwa mafuta wiki ile. Ikatoka. Na ya pili ikatoka.

"Sasa nyanyueni mlango wote juu. Pamoja."

Tukanyanyua. Mlango ule ambao mtaa mzima ulisema haufunguki ukapanda kwenye pini zake, ukatoka upande wa bawaba, ukabaki umening'inia kwenye mnyororo na kufuli lake likiwa limefungwa vilevile. Kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema kitu. Halafu akanong'ona, "Kumbe ndiyo maana kila tukifikia kufunga mlango ulikuwa unanituma maji ya kunywa. Miaka ishirini na mbili!"

Nilikuwa nimeshapita. Babu alikuwa amelala ubavu, nusu ndani ya bafu nusu nje, kizingiti kiko chini ya kiuno chake na ndoo imepinduka ushorobani. Juu ya nyusi palikuwa wazi, damu imechanganyika na sabuni. Mkono wa kulia ulikuwa umekaa vibaya. Kifuani kwake, kama mtoto anayemkumbatia, kililala kile chuma cha taulo kinachong'aa, na skrubu zake nne fupi zilikuwa bado na vipande vya ukuta.

"Usilie," aliniambia. "Kazi ya kwanza ya kila mtu huanguka."

Shangazi alifika zahanati saa nane, kilemba kimemwendea upande. Babu alikuwa ameshashonwa, mkono uko kwenye plasta hadi karibu na kiwiko. Na shati, bila shaka, lilikuwa limevuliwa. Shangazi alisimama kwenye pazia akautazama mgongo wa baba yake. Niliona midomo yake ikihesabu. Hakuna mtu aliyehitaji kumwambia kitu.

"Mlango mmefungua na nini?" aliuliza hatimaye, akigusa shingo yake. "Ufunguo ninao mimi."

Kimya, aliyekuwa amekuja nasi, akawa anatazama dari.

"Una bolti kwa ndani," babu alisema. "Milango yangu yote inazo. Namwonyesha mwenye nyumba peke yake."

"Tangu lini?"

"Tangu ile nyumba iliyoungua pale kwenye kona. Ulikuwa hujaanza shule. Nondo zilikuwa zangu. Niliitwa, nikafika na msumeno. Nilikata mbili." Akapapasa ukingo wa plasta yake. "Zilihitajika nne. Tangu siku ile sijafunga mlango usiofunguka kwa ndani."

Shangazi aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha chuma, polepole.

"Kwa hiyo miezi yote minane, ulikuwa unaweza kutoka?"

"Spana iko chini ya godoro. Mtaimbo wa kunyanyulia uko nyuma ya kabati. Nilitoka siku moja, nikafika hadi ukutani pa jirani, nikaota jua, nikarudi nikaufunga. Nilitia mafuta kidogo, bawaba zilikuwa zinalia."

"Baba! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeanza kulala," babu alisema. "Ulipoweka mnyororo, usiku ule ule nikakusikia unakoroma. Tangu mama yako afe ulikuwa hukoromi. Nikasema basi, acha nikae."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu uhuru. Sijawahi kusoma ukurasa ulionipiga kama maneno yale, na sikujua pa kuziweka hasira zangu zote nilizokuja nazo Jumapili. Nilimwambia shangazi kuhusu chuma. Nilitaka anitukane. Alinitazama tu, akasema, "Na wewe nawe," akageukia ukuta.

Jioni, tukiwa tumesharudi nyumbani, na mlango wa nondo nimeuegemeza ukutani nje, baba mkubwa akapiga simu. Sauti yake ilisikika chumba kizima. Alikuwa ameshapata habari, na aliuliza kama makubaliano bado ni makubaliano, na akasema kesho asubuhi anatuma gari. Shangazi alijibu neno moja: "Nimesikia, kaka." Akaweka simu. Akaingia chumbani kwake bila kula.

Babu aliniita. Alikuwa amekaa juu ya kitanda chake kirefu, miguu inaning'inia.

"Nipakie begi," alisema. "Mashati mawili yanatosha. Redio. Na nyundo yangu ndogo. Huko hata kama sina cha kugonga, nitaishika."

"Huendi, babu. Nitaongea na shangazi."

"Umeshaongea Jumapili. Uliongea vizuri sana." Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo lililoniuma. "Yule ni mwanangu, msomi. Amechoka. Pakia."

Nikapakia. Sijawahi kufunga zipu nzito kama ile.

Asubuhi niliamshwa na kishindo, kisha kingine. Nje kulikuwa kumeshakucha na jogoo wa jirani alikuwa anamalizia. Nikatoka mbio nikijua nitamkuta babu sakafuni.

Alikuwa ni shangazi. Amevaa sare yake ya kazi, viatu vya kazi, na macho ameyafunga kwa kile kilemba cha bluu, amekikunja mara mbili na kukikaza kisogoni. Mikono ameinyoosha mbele. Alikuwa anatoka chumbani kwa babu kuelekea bafuni, hatua fupi, na mguu wake ukanasa kwenye waya. Akayumba, akajipiga bega ukutani. Akainama, akaushika waya, akauvuta kwa nguvu mpaka ukachomoka, akautupa nyuma. Akakanyaga kona ya zulia. Akaling'oa lote, likatoa vumbi la miaka, akalirusha kuelekea mlangoni bila kujali linaangukia wapi. Likanipiga miguuni.

"Shangazi."

Alifika kwenye kizingiti, akakigonga kwa muundi wa mguu, nikasikia mfupa. Akaruka kama babu anavyoruka, mguu ukatua chini kuliko alivyotegemea, na akaenda kwa magoti na viganja vyote viwili juu ya vigae vilivyolowa. Nikamrukia.

"Usiniguse! Yeye alishikwa na nani?"

Nikarudi nyuma. Alibaki amepiga magoti, anahema, anatafuta ukutani kitu cha kushika. Kiganja chake kiliteleza kwenye vigae, kikapanda, kikateleza tena. Mfukoni mwa sare simu ikaanza kuita. Akaitoa, akaiweka sikioni, macho bado yamefungwa.

"Kaka. Gari lirudishe." Akasikiliza. "Sikiliza wewe. Bafu la baba umewahi kuliingia ukiwa huoni? Basi. Baba anakaa kwake. Ukitaka kusaidia, njoo mwenyewe, na nyundo." Akazima.

"Nenda kamwite Kimya," aliniambia. "Mwambie sitaki kusikia habari ya Jumamosi. Hiki kizingiti kinavunjwa leo. Na ule mlango uliouweka ukutani pale nje, usiurudishe mpaka mnionyeshe hizo bolti zenyewe, nizishike kwa mkono wangu. Lakini kwanza leta chaki. Weka alama hapa, hapa nilipotaka kushika nikakosa."

Nilileta kipande cha chaki. Nilikuwa nimeinama juu ya bega lake, nataka kuchora, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Shusha kidogo," babu alisema. "Mimi mfupi kuliko yeye."

Alikuwa amesimama ushorobani na plasta yake, miguu mitupu, shati halina hata kifungo kimoja kilichofungwa. Akaja akipapasa ukuta kwa mkono mzima, akavuka kizingiti akiwa ameshika kichwa cha binti yake kilichofunikwa kilemba, akaweka kiganja chake kwenye kigae, chini ya kile cha shangazi.

"Hapo," alisema.

Nikachora.